Pikipiki moja, kazi mbili: barabara na uwanja wa mbio

Kuna swali lenye linarudi kila mwaka kwa wenzetu walio Ubelgiji, wale wenye wamepata kazi ya kwanza na mshahara wa kwanza: ninunue pikipiki gani, yenye itanipeleka kazini Jumatatu, na Jumamosi niingie nayo kwenye uwanja wa Zolder ao wa Mettet, nikimbize bila kuogopa polisi wala lori? Wengi wanajibu kwa kutaja jina la kampuni. Mimi ninajibu kwa historia, juu swali hili liko na zaidi ya miaka 100, na kila kizazi kililijibu kwa franga zake na kwa mifupa yake.

Tuanze 1907. Kule Uingereza sheria ilikataza kupita maili 20 kwa saa, ni kusema kilometa 32, na mbio za barabarani zilikuwa marufuku. Lakini kisiwa cha Man kina bunge lake, na bunge lile lilikuwa limekubali barabara zifungwe kwa mbio. Tarehe 28 Mei 1907 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Tourist Trophy. Angalieni jina: ni kombe la wasafiri. Masharti yalidai pikipiki iwe na kiti cha kweli, pedali, vikinga-matope na kipunguza kelele kwenye bomba la moshi. Hata mafuta yalipimwa. Charlie Collier alishinda upande wa silinda moja kwa Matchless, mwendo wa wastani kilometa 61 kwa saa. Rem Fowler akashinda upande wa silinda mbili kwa Norton yenye injini ya Peugeot. Wazo lilikuwa wazi: mbio zitengeneze pikipiki ya mutu wa kila siku. Barabara ilitoa amri, uwanja ukafuata.

Baadaye amri ikageuka. Mfano wangu ni BSA Gold Star, yenye ilianza kuuzwa 1938. Jina lake linatoka kwa nyota ya zahabu yenye uwanja wa Brooklands ulimpa kila mwenye kuzunguka kwa zaidi ya maili 100 kwa saa ndani ya mbio. Wal Handley aliipata 1937 akiwa juu ya BSA. Kati ya 1947 na 1956 kule Man kulikuwa mbio za Clubmans, za watu wasio wa timu za viwanda, na pikipiki zao zilipaswa kuwa zile zenye kuuzwa dukani. BSA ikatengeneza Gold Star ya kushinda pale, na ilishinda mpaka ikachosha: mwaka 1956, upande wa sentimita za ujazo 350, karibu wote waliokimbia walikuwa juu ya Gold Star.

Sasa mupandishe mashine ile barabarani. Ile ya 500 ya mwisho, gia yake ya kwanza ilikuwa ndefu, inakaribia kilometa 95 kwa saa. Mjini ulipaswa kuchezesha ambreyaji kila taa nyekundu ili isizime, na kabureta yake ya mbio haikutaka kutulia pikipiki ikisimama. Kijana wa London aliyeinunua alikuwa na mashine nzuri sana, lakini ya kazi ingine. Kosa halikuwa la injini. Ilifuata masharti ya mbio, na mnunuzi alidanganywa na neno “ya dukani”.

Kisha Ujapani ukaingia. Honda CB750 ya 1969 ilileta silinda nne, freni ya diski mbele na kuwasha kwa umeme. Mwaka uliofuata Dick Mann alishinda Daytona 200 kwa Honda yenye ilitoka kwa ukoo ule. Mwaka 1976, Marekani ilipoanzisha rasmi ubingwa wa Superbike, bingwa wa kwanza alikuwa Reg Pridmore juu ya BMW R90S, mashine yenye watu waliitumia kwa safari ndefu. Minaona kipindi kile kama cha usawa: pikipiki ya barabara, ikitengenezwa vizuri, inaweza kushinda.

Usawa ule haukudumu. 1985 Suzuki ilitoa GSX-R750, yenye ilizaliwa na mashine za mbio ndefu: nyepesi, farasi 100, mpandaji amelala juu ya tangi. 1988 ukaanza ubingwa wa dunia wa Superbike, na masharti yake yalidai kiwanda kiuze kwa watu wa kawaida mashine ya kutosha kabla ya kukimbia nayo. Honda ikauza RC30, na Fred Merkel akachukua ubingwa 1988 na 1989. Tangu pale viwanda vilianza kutengeneza mashine za mbio na kuzifunga taa.

Mwisho wa njia ile tumeuona kwa macho yetu. Yamaha R6, yenye ilitoka 1999, haikuingia tena kwenye barabara za Ulaya kuanzia 2021, sheria ya moshi ya Euro 5 ilipofika. Ikabaki ya uwanjani tu. Mwaka ule ule Yamaha ikatoa R7, kwa kutumia injini ya silinda mbili ya MT-07, pikipiki ya mjini. Linganisheni. R6 ya mwisho ilitoa farasi 118, lakini kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. R7 inatoa farasi 73 tu, kwenye mizunguko 8,750. Halafu tazameni nguvu ya kuvuta: R7 ina Nm 67 kwenye mizunguko 6,500, na R6 Nm 61.7 kwenye 10,500. Ni kusema ile “dhaifu” inavuta zaidi, na inavuta mapema, mahali mutu anaishi: kutoka kwa taa, kupita basi, kupanda mlima. Uwanjani R6 itaiacha. Lakini wewe unakwenda uwanjani kujifunza, siyo kutafuta mkataba.

Na musizarau ndogo zaidi. 2018 Ana Carrasco alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za mutu mmoja kwenye lami, juu ya Kawasaki Ninja 400, yenye farasi 45 hivi.

Basi jibu langu ni hili: kabla ya kuuliza bei, uliza mashine ile ilifuata masharti ya nani. Kama ilitengenezwa kwa barabara, uwanja utaipokea ukiiongezea matairi mazuri, vitambaa vya freni vizuri na mafuta mapya ya freni. Kama ilitengenezwa kwa mbio, barabara itakudai mgongo, vifundo vya mikono na franga, kila siku ya kazi. Usibadilishe bomba ili ipige kelele: viwanja vingi vya Ulaya vinapima sauti, kama wazee wa 1907 walivyodai kipunguza kelele. Soma na bima yako, juu bima nyingi za barabara hazilipi ajali ya uwanjani. Mashine yenye hauwezi kuitengeneza ikianguka Jumamosi, Jumatatu haitakupeleka kazini.

Gold Star leo inauzwa kwa bei kubwa kwa wakusanyaji. Mwenye kuinunua 1956 alitafuta tu kufika kazini.