Dakika 22 za Tiwi
Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, wenzangu wanaofanya kazi kwenye hoteli za Diani huanza kuulizana: sasa Ujerumani tumewapita saa ngapi? Wakati wao wa baridi ni saa mbili, wa joto ni saa moja tu. Wao ndio wanaosogeza, sisi huku hatujagusa kitu. Na wenyewe wamechoka. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliwauliza raia, na kati ya watu milioni 4.6 waliojibu, asilimia 84 walitaka mchezo huo uishe. Bunge lao likaunga mkono Machi 2019. Serikali zao hazijakubaliana, manake kuna swali gumu: ukiacha kusogeza, unasimama kwenye saa ipi?

Kenya swali hilo lilishajibiwa, tena bila ya sisi kuulizwa.

Ndiyo, hata huku saa imewahi kusogezwa. Tangu 1908 saa ya koloni ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikasukumwa nusu saa, zikawa tatu kamili. Januari 1930 ikarudishwa. Mwaka 1937 ulipoanza ikaongezwa robo, na Agosti 1942, vita vikiwa vimepamba moto, robo nyingine. Hapo ikaganda mpaka leo.

Hebu lete hesabu hiyo Tiwi. Jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja ya longitudo, nasi tuko karibu digrii 39.6 mashariki. Kwa jua lenyewe, basi, tuko mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 38. Saa ya 1908 ilikuwa nyuma ya jua letu kwa dakika 8. Ya sasa imelitangulia kwa 22. (Nairobi wamezidiwa zaidi, kama dakika 33, lakini hao wana shida zao.)

Huhitaji maktaba kuhakikisha. Jua la Tiwi hupinduka yapata saa sita na dakika 20, hupungua au kuzidi kidogo kufuata miezi, na adhana ya adhuhuri hulisubiri. Magharibi nayo haiingii saa kumi na mbili kamili hata siku moja ya mwaka. Mvuvi ndiye hana habari kabisa: yeye anahesabu bamvua na maji mafu, na mwezi haujapata kupigiwa sheria.

Ukisukuma saa mbele, mtu wa ofisini anapata jua zaidi jioni akishatoka kazini. Jua hilo linatolewa asubuhi. Huku kuna miezi ambayo jua halijachomoza hadi saa kumi na mbili na nusu, na ukipita barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga kabla ya hapo utawaona watoto wa shule pembeni, sare za rangi nzito, matatu zinawapita kasi. Binamu yangu mdogo ni mmoja wao. Mamake humfungia kitambaa cheupe begani.

Sidai turudi 1908. Ndege, benki na simu zote zimeshazoea saa tatu za Greenwich, na kuanza kuzisogeza tena ni kujitafutia usumbufu wa Wajerumani. Lakini Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Saa mbili, Tiwi, jua limeshapanda juu ya minazi. Anayemtaka mtoto darasani saa kumi na mbili na nusu hajatumwa na Greenwich.