Moyo wa Kima Uko Juu ya Mti

Mwezi wa Januari, maduka ya vitabu mjini Kitale hujaa wazazi wenye orodha mkononi. Kitabu cha hesabu, cha Kiingereza, cha mazingira, kalamu za rangi, tishu. Sasa jaribu kuingia hapo umwambie muuzaji unataka kitabu cha kumsomea mtoto wa PP1 usiku kabla hajalala. Atakuuliza, "Ni wa shule gani?" Ukimwambia si cha shule, ni cha nyumbani tu, cha raha, atafikiria kidogo halafu akuletee kitabu cha mazoezi chenye picha nyingi.

Usimlaumu. Swali lake lina historia ndefu. Tangu hadithi zetu zilipoanza kuingia kwenye karatasi, kila aliyezichagua alikuwa na shughuli yake. Mmishonari alitaka kujifunza lugha. Serikali ya mkoloni ilitaka raia wa aina fulani. Wizara ilitaka watoto wapite mtihani. Mtoto wa miaka mitano aliyelala chali akingoja stori hakuwa kwenye mkutano wowote kati ya hiyo. Kwa hivyo kama wewe ni mzazi, au shangazi, au kama mimi ni khocha wa mtoto aliye PP2 Bungoma, na unataka kujua ni kitabu gani cha zamani kinafaa kusomewa mtoto leo, ni vizuri kwanza ujue ni nani alivichagua hivyo unavyovikuta rafuni.

Tuanze na kima. Mwaka 1870, Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyeishi Zanzibar na ambaye baadaye aliteuliwa askofu huko, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Ndani yake yumo kima na papa, hadithi ambayo pengine ulisomewa darasani kama tumbili na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda, urafiki unaota. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamtobolea siri: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia, aa, mbona hukusema mapema? Sisi mioyo yetu huwa tunaiacha mtini. Wanarudi kuuchukua. Kima anapanda juu, na hapo urafiki unaisha.

Steere hakuitunga hadithi hiyo, na hata Zanzibar haikuanzia hapo. Kwenye Panchatantra ya India, aliyemdanganya nyani ni mamba. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa alipoitia kwa Kiarabu katika Kalila wa Dimna, mamba akawa kobe. Ilipofika pwani yetu, kobe akawa papa. Baadaye vitabu vya shule vikaibeba hadi bara, kwa watoto wa Webuye na Kapenguria ambao papa hawajawahi kumwona hata kwenye soko la samaki. Hadithi imebadilisha mnyama, maji na lugha, na bado kila mtoto anashika pumzi mahali pale pale, papa anapotoboa siri. Mimi nikisema klasiki, ndicho ninachomaanisha. Imepita midomo mingi na haijachakaa.

Lakini rafu hazikujengwa kwa kipimo hicho. Angalia Kitale yenyewe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Trans Nzoia ilikatwa mashamba ya walowezi, na watu kutoka upande wa Bungoma wakawa miongoni mwa waliofanya kazi humo. Mwaka 1926, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu karibu maisha yake yote, alianzisha jumba lake la makumbusho hapo Kitale. Alipofariki 1966 aliliachia taifa mkusanyo wake, na jumba jipya likafunguliwa 1974. Leo watoto wa shule wanashushwa hapo kwa mabasi kuona nyoka na nyumba za kienyeji. Ni pahali pazuri, mpeleke mtoto. Lakini fikiria hali ya miaka ile ya 1920: upande mmoja wa shamba kuna chumba chenye vitabu vya mwenye shamba, upande wa pili kuna nyumba za vibarua zenye chingano, hadithi za jioni za Kibukusu, bila hata karatasi moja. Hadithi zilikuwa pande zote mbili. Karatasi ilikuwa upande mmoja.

Karatasi ilipowafikia Waafrika ilikuja na masharti. Mwandishi Elspeth Huxley aliombwa na serikali za kikoloni achunguze Waafrika wasome nini, na mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, mkurugenzi wake Charles Richards. Lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha zingine kadhaa, likatuma masanduku ya vitabu vijijini. Kazi kubwa, tusiidharau. Ila vitabu vingi vilikuwa vya kufunza: kilimo bora, afya, tabia njema. Huku kwetu kulikuwa na tatizo la ziada. Katika miaka ya 1940 kamati ya wamishonari na walimu ilijaribu kuunda Kiluhya kimoja cha kuandikia, na Wabukusu, sawa na Wamaragoli, wakakikataa kwa sababu si walichoongea nyumbani. Mtoto wa Kimilili akisomewa kitabu cha "lugha yake", alisikia lugha ya jirani.

Uhuru ulibadilisha mambo, nusu nusu. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1965 likaanzishwa shirika la uchapishaji la East African Publishing House, na hapo wakaingia watu ambao ningependa majina yao yajulikane kama ya wachezaji mpira. Pamela Kola alitoa mikusanyo yake ya hadithi za kwa nini na namna gani mwaka 1966: kwa nini mnyama fulani yuko hivi, kitu fulani kilianza vipi. Asenath Bole Odaga alitoa The Hare's Blanket mwaka 1967. Wanawake hawa walichukua hadithi za bibi zao wakaziandika kwa ajili ya watoto, na wakaziandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho shule zilichonunua. Ukisoma Kola kwa sauti, mdundo wa bibi bado unausikia chini ya Kiingereza. Hiyo ni bahati yetu, lakini pia ni alama ya kitu kilichopunguzwa njiani.

Mwaka 1976 tume ya Gachathi ilisema watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mfululizo wa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu ukatumika kwa lugha mbalimbali. Kwenye karatasi, sera ni nzuri. Darasani, wazazi wetu wengi wanakumbuka kile kibao alichovishwa mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika Decolonising the Mind, na alikuwa tayari amekijibu kwa kitabu cha watoto: Njamba Nene, mwaka 1982, kwa Kigikuyu, kuhusu mvulana anayedharauliwa shuleni lakini anayeijua nchi yake kuliko wanaomcheka.

Kuna jambo moja la Bungoma ambalo huwa linanichoma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Webuye ilianza kutengeneza karatasi. Kiwanda cha Pan Paper kiliajiri maelfu, harufu yake ilikusalimia kabla basi halijafika mjini, na karatasi yake ilisambaa nchi nzima. Mwaka 2009 kikafungwa, na baadaye kikauzwa kwa bei ambayo watu bado wanaibishania kwenye hoteli za chai. Kaunti iliyolisha taifa karatasi kwa zaidi ya miaka thelathini, ukitafuta kitabu cha picha cha Lubukusu cha kumsomea mtoto wa chekechea, utazunguka maduka hadi kiatu kilie.

Basi nini kilichopotea hasa? Hadithi zenyewe bado zipo. Wanakhamuna, sungura wetu mjanja, yupo. Linani, lile zimwi linalokula watu, lipo, na kukhu akilitaja mtoto bado anavuta blanketi. Kilichopotea kwenye vitabu vingi ni nafasi ya msikilizaji. Chingano haisimuliwi kwa mtu aliyenyamaza. Mtoto anaitikia, anaimba kile kipande cha wimbo kinachorudi, anakatiza, anakosoa. Kitabu cha shule kilimnyamazisha, halafu mwishoni kikamwekea maswali matano na lile swali la kuua: hadithi hii inatufunza nini? Baada ya miaka kumi ya hilo swali, usishangae mtu mzima akisema hapendi kusoma. Amezoea kwamba kila stori ina mtego nyuma yake.

Nasikia pingamizi, na ni ya haki. Dada yangu huniambia: wewe ongea juu ya Lubukusu na bibi, mimi mtoto wangu ataulizwa Kiingereza kwenye intavyu ya shule. Hawezi kungoja historia irekebishwe. Nakubali hofu yake. Doo ya karo si mchezo. Ila kusomea mtoto kwa sauti hakumzuii kujua Kiingereza. Peter Rabbit wa Beatrix Potter, wa 1902, ni mwizi wa shamba kama Wanakhamuna, na mtoto akiwasikia wote wawili wiki moja atagundua mwenyewe kwamba yule wa Uingereza alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, ilhali wetu kwa kawaida huondoka akicheka. Where the Wild Things Are ya Maurice Sendak, ya 1963, ina mazimwi ambayo mtoto wa Bungoma atayatambua bila kutafsiriwa. Vitabu hivi vinaingia nyumbani bila kumfukuza kukhu.

Kwa hivyo mimi hupima hivi. Kwanza, soma ukurasa mmoja kwa sauti hapo hapo dukani, hata kama watu watakuangalia. Ulimi ukikwama kama ugali mkavu, kirudishe. Pili, tafuta mahali pa mtoto kuingia: neno linalorudi, swali, mlio wa mnyama. Tatu, jiulize kama utavumilia kukisoma usiku wa tatu mfululizo, kwa sababu utaombwa. Nne, jaribu kubadilisha lugha katikati ya sentensi. Nyumba nyingi za Kitale zina lugha tatu kabla ya chai ya asubuhi. Hadithi nzuri inahimili hilo, na kima ni shahidi.

Kwa kipimo hicho, rafu ndogo inawezekana. Kima na papa, popote utakapoipata. Visa vya Abunuwasi, yule mshairi wa Baghdad wa enzi za Harun al-Rashid ambaye pwani ilimgeuza bingwa wa hila. Gado alimchora kwa katuni mwaka 1996. Pamela Kola na Odaga, ukibahatika kupata nakala kuukuu. Halafu kitu cha bure: Khalai wa Ursula Nafula, kwenye tovuti ya African Storybook, msichana mwenye jina la Kibukusu anayeongea na mimea. Anauambia mti wa shuleni ukue, watoto wapate kivuli cha kusomea. Kwenye tovuti hiyo zipo pia hadithi za Lubukusu zenyewe, unaweza kuzisoma kwenye simu au kuzichapisha saiba. Kimilili kuna maktaba ya umma. Na mtoto akishakua, mwachie Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia upande wa Cherang'any. Katika Siku Njema, ya 1996, alimtoa kijana Tanga akamleta hadi Kitale. Wengi wetu ndipo tulijua kwa mara ya kwanza kwamba riwaya inaweza kufika stendi yetu.

Ukishachagua, fanya jambo moja gumu: ukimaliza kusoma, usiulize hadithi inafunza nini. Funga kitabu unyamaze. Mpwa wangu, usiku wa tatu wa kima na papa, alikaa kimya muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akauliza papa alimwambia nini sultani aliporudi mikono mitupu. Nakala niliyokuwa nayo haikusema. Ikabidi tuitunge.