Taka zimelipiwa, gari halijaja

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, majaribio yalinibana mbavu. Leo sina stori za bumu kuchelewa wala za foleni ya kantini. Nina kisa cha historia, na kimenikera kweli.

Kilianza chumbani. Mwenzangu tunayelala naye kwao ni Namtumbo, upande wa urani ya Mto Mkuju. Akaniuliza: "Wewe si mtu wa historia? Hiyo urani wakishaiunguza kwenye vinu vyao, majivu wanamwaga wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba wakubwa wa dunia watakuwa wameshalimaliza hilo zamani. Nikaenda maktaba kutafuta ushahidi, nikarudi mdogo kama piritoni.

Kwanza, si majivu. Mafuta ya nyuklia ni vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya fito ndefu za metali. Vikishatumika miaka kadhaa wanavitoa, lakini vinatoka na joto kali pamoja na mionzi ya kuua mtu kwa muda mfupi tu. Vinazamishwa kwenye bwawa la maji vipoe kwa miaka. Baada ya hapo lazima mtu avichukue, na huyo mtu alipwe.

Marekani mwanzoni walidhani ni mali. Kampuni ya Nuclear Fuel Services ilifungua kiwanda West Valley, jimbo la New York, mwaka 1966, ili kuchambua mafuta yaliyotumika na kupata urani na plutoni ya kutumia tena. Kilifanya kazi mpaka 1972, kikachakata tani kama 640, kikafungwa kwa matengenezo na hakikufunguliwa tena. Mwaka 1976 kampuni ikajitoa. Mkataba ulisema taka zinabaki kwa jimbo, kwa hiyo faida ilikuwa ya kampuni na uchafu ukawa wa wananchi. Mwaka 1980 Bunge lao likapitisha sheria ya kusafisha pale, serikali kuu ilipe asilimia 90 na jimbo 10. Kiwanda kingine, cha General Electric kule Morris, Illinois, hakikuchakata hata kilo moja. Kiligeuzwa bwawa la kuhifadhia. Halafu India ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio mwaka 1974, watu wakaogopa plutoni, na mwaka 1977 Rais Carter akasimamisha biashara hiyo ya kuchakata.

Sasa hapa ndipo utamu. Sheria ya mwaka 1982, aliyoitia sahihi Reagan Januari 1983, iliigeuza serikali kuwa mzoa taka. Kila kampuni ya umeme ilipe sehemu moja ya kumi ya senti ya dola kwa kila uniti inayozalishwa na nyuklia. Yaani uniti 1,000, dola moja. Unaona kitu kidogo, eti? Bei hiyo ilikuwa inaingia kwenye bili ya mama wa kawaida jikoni kwake. Serikali nayo ikaandika tarehe kwenye mkataba: kuanzia Januari 31, 1998, tutakuja kuchukua.

Wapeleke wapi? Yalibaki maeneo matatu ya kulinganisha: Texas, Washington na Nevada. Mwaka 1987, kabla ulinganisho haujaisha, Bunge likafuta mawili na kubakiza mlima wa Yucca, Nevada. Spika wa wakati huo alikuwa Jim Wright wa Texas, na kiongozi wa wabunge wa chama chake alikuwa Tom Foley wa Washington. Nevada ilikuwa na wabunge wawili tu katika baraza hilo. Haya, changanya na zako. Ila Nevada walikuwa na seneta mpya aliyeingia mwaka huohuo, Harry Reid. Alisubiri miaka 20. Mwaka 2007 akawa kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti, na mwaka 2010 serikali ya Obama ikaomba kuondoa maombi ya leseni ya Yucca. Zilikuwa zimeshatumika kama dola bilioni 15.

Wenzao wa Finland waliipa halmashauri ya Eurajoki haki ya kukataa kabisa. Halmashauri ikakubali mwaka 2000, wakachimba mpaka zaidi ya mita 400 kwenye mwamba. Kwa hiyo mtu asiniambie tatizo ni kwamba shimo halichimbiki.

Tarehe ya 1998 ikapita, gari halikuja. Kampuni zikashtaki, zikashinda. Mwaka 2002 mahakama ikasema fidia isitolewe kwenye mfuko ule wa taka, kwa hiyo inatoka hazina kuu, na imeshapita dola bilioni 10. Mfuko wenyewe umekaa na zaidi ya bilioni 40. Yule mama alilipa kwenye bili, sasa anailipa fidia kwenye kodi. Makato ya bili yalisimama mwaka 2014 tu, kwa amri ya mahakama: huwezi kutoza kwa safari ambayo huna mpango wa kuisafiri.

Picha iliyonikaa kichwani ni Wiscasset, jimbo la Maine. Kinu cha Maine Yankee kilifungwa mwaka 1997, na kufikia 2005 kilikuwa kimebomolewa chote. Kampuni ya umeme isiyozalisha hata uniti moja bado ipo, kwa sababu yapo mapipa 64 ya zege na chuma yamesimama uwanjani kando ya maji: 60 ya mafuta yaliyotumika na manne ya taka nyingine. Kuna walinzi wenye silaha usiku na mchana, gharama kama dola milioni 10 kwa mwaka. Nchi nzima zimeshafika zaidi ya tani 90,000 za namna hiyo.

Nilimsimulia mwenzangu yote haya juzi usiku, umeme umekatika, tumekaa dirishani. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa hao walinzi, mkataba wao unaisha lini?"

Nikamwambia ile tarehe ya 1998 haijawahi kuandikiwa nyingine.

Haya, nina semina saa mbili. Wa Block B, mwenye chaja yangu airudishe.