Fasihi, tamthilia na filamu: maana na matumizi

fasihi nm [i-/zi-]. Tamthilia nm [i-/zi-]. Filamu nm [i-/zi-]

Maana. Fasihi ni sanaa itumiayo lugha kueleza maisha ya binadamu kwa ubunifu. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambako huhusu ufasaha wa usemi. Tamthilia ni utungo uliokusudiwa kuigizwa, na mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa pia methali na mithili: kufananisha jambo na jingine. Filamu, kutoka Kiingereza, ni masimulizi au taarifa iliyorekodiwa kwa picha jongefu. Sinema hutaja filamu na pia ukumbi wa kuionyeshea.

Matumizi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayohusu Vita vya Maji Maji, ilichapishwa mwaka 1969. Kitabuni ni tamthilia. Jukwaani ni igizo, au mchezo wa kuigiza. Hadithi hiyo ikirekodiwa kwa kamera, itaitwa filamu. Siku hizi tamthilia hutaja pia mfululizo wa vipindi vya televisheni. Maana hiyo imekwisha kuzoeleka. Katika maandishi ya kitaaluma yafaa kubainisha: tamthilia ya televisheni.

Kosa la kuepuka. Wengine hulifunga neno fasihi ndani ya kitabu, wakasahau fasihi simulizi. Kosa hilo huwanyima watu haki yao. Wilayani Ngara, Wahangaza na Washubi wamerithishana hadithi, nyimbo na methali kwa mdomo. Katika Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kihangaza, neno umugani hutaja hadithi na hutaja methali pia.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kupitia Rusumo kwa muda wa siku chache. Anayekimbia kuokoa maisha hubeba mtoto na sufuria kabla ya kitabu; hadithi aliyosimuliwa na bibi yake huenda naye bila kubebwa. Mwaka 1995 ilianzishwa huko Ngara Redio Kwizera, kwa ajili ya wakimbizi. Kwizera katika Kinyarwanda na Kirundi ni kuamini, kutumainia. Redio humfikia hata asiyejua kusoma. Ndiyo maana Redio Tanzania ilitumia mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993, kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI: msikilizaji aliyechoshwa na hotuba humfuata mhusika hadi mwisho, akayapima maisha yake mwenyewe kwa mfano wa mwenzake.

Hapo ndipo ilipo thamani ya sanaa hizi. Kitabu, jukwaa, redio na kamera ni vyombo tu. Kinachobebwa ni mfano wa maisha. Basi si sahihi kuandika kwamba kambi isiyo na maktaba haina fasihi. Kilichokosekana ni vitabu.

Mifano. Wanafunzi wanasoma tamthilia mbili mwaka huu. Igizo lao lilichezwa uwanjani. Wazee wa Ngara ni hazina ya fasihi simulizi.

Tazama pia: hadithi, igizo, maigizo, methali, ngano, riwaya, sanaa za maonyesho.