Ada ya mwanafunzi wa winchi

Siku ukipanda pantoni kwenda Kigamboni, tupa macho upande wa bandarini. Utaziona winchi kubwa zimesimama kando ya maji. Juu kabisa kuna kibanda cha kioo, na ndani yake yumo mtu mmoja anayeshusha kontena ambalo likijaa linaweza kufika tani 30. Umewahi kujiuliza watu wa kazi hiyo hujifunzia wapi? Na siku ya kwanza wanapokosea, nani anakuwa chini?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: palepale kazini. Unakaa pembeni ya fundi mzoefu, unatazama mikono yake, siku moja anakuachia. Shida ni kwamba ada ya makosa yako hulipi wewe uliye juu. Anaweza kuilipa mwenzako anayefunga mizigo huku chini.

Kwani kukosea ni rahisi hivyo? Ndiyo, kwa sababu mzigo ukishaning'inia ni bembea. Ukiusogeza kisha ukasimama ghafla, wenyewe unaendelea na safari. Kamba ikiwa na urefu wa mita 20, kwenda na kurudi kunachukua kama sekunde 9. Ifupishe hadi mita 5, zinabaki sekunde 4.5 hivi. Cha ajabu, uzito haubadilishi muda huo.

Sasa akili ya kawaida inakwambia hivi: mzigo ukienda mbele, wewe rudi nyuma. Jaribu uone, utaizidishia bembea nguvu! Fundi hufanya kinyume. Anaufuata mzigo, yaani anasogeza mtambo mpaka uwe juu yake pale unapofika mwisho wa bembea, nao unatulia. Jambo hili hulijui kwa kusoma tu. Mkono lazima ukosee mara nyingi kwanza, na hapo ndipo penye mtego: bila makosa hujifunzi, na makosa yanaua.

Mtego huohuo uliwanasa marubani mapema. Mwaka 1929 kijana Mmarekani, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na kinanda, alitumia pampu na mivukuto ya vinanda kutengeneza kijindege kisichoruka. Unakaa ndani, unashika usukani, kinainama na kugeuka kama ndege. Unadhani jeshi lilikikimbilia? Hapana. Wateja wake wengi wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani waliozoea kuruka kwenye anga safi wakakutana na ukungu, theluji na giza. Ndani ya miezi michache zaidi ya kumi walikufa. Hapo ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link, dola 3,500 kila moja. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, zilikuwa zimeundwa takriban 10,000.

Kwenye winchi mambo yalichelewa zaidi. Mizigo mingi ya meli ilikuwa ikibebwa na makuli, gunia kwa gunia. Kisha tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X ikaondoka Newark kwenda Houston na makontena 58, na ukurasa mpya ukafunguka. Mzigo ukawa mkubwa, wa haraka, na wa kuning'inia. Baadaye kompyuta zikapata nguvu ya kuigiza bembea, upepo na uzito mbele ya macho ya mwanafunzi, naye akashika vishikio vilevile vya winchi halisi.

Upepo si kitu cha kudharau. Tarehe 14 Julai 1999, huko Milwaukee, Marekani, winchi iliyoitwa Big Blue ilikuwa inapandisha kipande cha paa la uwanja wa besiboli, zaidi ya tani 400, siku ya upepo. Ilianguka. Wafanyakazi watatu waliokuwa kwenye kikapu kilichoning'inizwa na winchi nyingine wakafa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameshika vishikio vya Big Blue. Kwenye mashine ya kuigiza, mwalimu huongeza upepo kwa kubonyeza kitufe. Mzigo ukianguka, mnacheka kidogo, mnaanza upya.

Tusidanganyane, mashine hii haimalizi kila kitu. Ndani yake hakuna msimamizi anayekupigia kelele kwamba meli inachelewa. Ujasiri wa kusema "leo hatunyanyui, upepo ni mkali" unahitaji kazi yenye utaratibu wa kumlinda anayeusema.

Lakini mimi kinachoniumiza zaidi ni ile miaka mitano. Kijindege cha Link kilikuwepo tangu 1929, watoto wakikichezea kwenye viwanja vya burudani, na jeshi lilikinunua baada ya mazishi. Leo mashine za kujifunzia kunyanyua mizigo zipo. Ukipita karibu na jengo linalojengwa mtaani kwenu, ukaona tofali zinaning'inia juu ya vichwa vya watu, muulize mwenye kazi: aliyeshika vishikio alikoseakosea wapi kabla ya kuja hapa?