Maktaba ya Chuo na Kijana Aliyetekwa

Katika mji wa Baghdad, kando ya mto Tigris, lingaliko jengo la matofali la chuo cha Mustansiriyya, kilichofunguliwa mwaka 1234 na Khalifa al-Mustansir. Humo ilisomeshwa fiqhi ya madhehebu yote manne ya Kisunni. Lakini Khalifa hakutosheka na kujenga madarasa. Vitabu vilitolewa katika hazina yake mwenyewe, vikabebwa na wachukuzi hadi chuoni, na wanafunzi wakapewa karatasi, wino na kalamu. Zingatia kwamba zama zile kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, na bei yake haikuwezwa na mtoto wa maskini. Maktaba ya chuo ndiyo iliyomkalisha sawa na mtoto wa tajiri.

Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka mji huo, wakaua watu wengi na kuangamiza vitabu. Miongoni mwa mateka alikuwamo kijana wa miaka 14 hivi, jina lake Ibn al-Fuwati. Nani angedhani kuwa kijana huyo angefaa kitu? Hatimaye alifika Maragha, nchini Iran, ambako mwanachuoni Nasir al-Din al-Tusi alianzisha mahali pa kuchunguzia nyota pamoja na maktaba kubwa. Kijana akapewa kazi ya kuitunza maktaba hiyo, akawa anasoma na kunakili kwa miaka mingi. Zaidi ya miaka 20 baada ya msiba ule, alirejea Baghdad na kukabidhiwa maktaba ya Mustansiriyya. Alipofariki mwaka 1323, aliacha kamusi ya watu mashuhuri ambayo sehemu yake inasomwa hadi leo.

Basi tazama: upanga ulimnyang'anya kijana huyu mji wake, na maktaba ikamrudisha akiwa mlinzi wa elimu ya watu wake.

Ndugu msomaji, ichunguze shule ya mtaani kwako. Huenda lipo kabati la vitabu, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mtu, kwa kuchelea watoto wasije wakavichafua. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake. Kilichofungiwa kikaliwa na mchwa, kina tofauti gani na kile kilichoangamizwa na adui?