Saa ya Malkia: Mali Isiyomfikia Mwenyewe

Katika historia ya saa za anasa barani Ulaya, hakuna saa iliyozungumzwa kama ile iliyopewa namba 160 katika karakana ya Abraham-Louis Breguet. Fundi huyu alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747, akafungua karakana yake mjini Paris mwaka 1775. Inasimuliwa kwamba mwaka 1783 afisa mmoja wa walinzi wa malkia Marie-Antoinette alimwagiza amtengenezee malkia saa ya mfukoni yenye kila ufundi uliojulikana wakati ule. Dhahabu itumike badala ya madini mengine popote inapowezekana. Muda haukuwekewa mpaka, wala gharama haikuwekewa kikomo.

Agizo la namna hiyo lafaa kutazamwa vizuri. Tajiri wa kawaida hununua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Huyu alinunua ahadi. Saa ilitakiwa kuonyesha tarehe bila kurekebishwa hata katika mwaka mrefu, kugonga saa na dakika kwa kengele ili mtu azijue gizani, kuonyesha tofauti kati ya wakati wa jua na wakati wa mitambo, na kupima joto. Tena haikuhitaji kutiwa ufunguo: ndani yake kulikuwa na kipande kizito kilichobembea kila mwenye saa alipotembea, nacho kilikaza kamani. Sehemu zake zilifika 823. (Waswahili, kwa kuuita mshale wa saa akrabu, yaani nge, waliifuata lugha ya Kiarabu, fundi wa Paris angependezwa na jina hilo, maana mishale yake mwenyewe, yenye tundu karibu na ncha, ndiyo iliyoeneza sifa zake.)

Malkia hakuiona. Mapinduzi yalianza mwaka 1789, Breguet akakimbilia Uswisi mwaka 1793, na tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo Marie-Antoinette akakatwa kichwa. Ajabu ni kwamba, aliporudi Paris mwaka 1795, fundi hakuifuta kazi hiyo. Aliyeagiza hakuwapo na mlipaji hakuonekana, lakini saa iliendelea kutengenezwa kwa vipindi. Breguet alifariki mwaka 1823; karakana, chini ya mwanawe, iliikamilisha mwaka 1827, miaka 44 baada ya agizo. Ni vigumu kuiita biashara. Hapana budi kukiri kwamba kwa muda huo wote mwenye saa halisi alikuwa fundi mwenyewe.

Baadaye ilipita mikononi mwa wanunuzi kadhaa, hata mwaka 1917 ikanunuliwa na Mwingereza Sir David Lionel Salomons. Huyu alikuwa mnunuzi wa aina nyingine: alizikusanya saa za Breguet kwa wingi, akazichunguza, na mwaka 1921 akatoa kitabu juu ya fundi huyo. Alifariki mwaka 1925. Binti yake, Vera, alianzisha mjini Yerusalemu jumba la makumbusho la sanaa ya Kiislamu, lililofunguliwa mwaka 1974, na saa za baba zikawekwa humo.

Mwezi Aprili 1983 mwizi mmoja, Na'aman Diller, alitanua nondo za uzio kwa jeki ya gari, akapenya dirisha jembamba, akaondoka na saa na vitu vingine zaidi ya 100. Polisi hawakumpata. Lakini saa namba 160 ilijulikana mno kiasi kwamba hakuna mnunuzi ambaye angeweza kuionyesha. Kuiuza hadharani kulikuwa sawa na kujishtaki. Mwizi alikufa mwaka 2004 baada ya kumfunulia mkewe siri. Mwaka 2006 wakili aliwasiliana na jumba la makumbusho, na vitu 39 vikarudishwa, saa ya malkia ikiwa mojawapo. Habari zikatangazwa mwaka 2007.

Wakati saa bado haijulikani ilipo, kampuni ya Breguet, ambayo mwaka 1999 ilikuwa imenunuliwa na kundi la Swatch, ilianza mwaka 2005 kutengeneza mfano wake kwa kufuata michoro na maandishi ya zamani. Mfano huo, uliopewa namba 1160, ulionyeshwa mwaka 2008, ndani ya sanduku lililochongwa kwa mbao za mwaloni wa Versailles ambao, yasemekana, malkia alipenda kupumzika chini yake.